Kufundisha Kuchapa Picha Ukiwa Safarini: Mwongozo Kamili wa Warsha ya Watoto 60

Wasanii wanaopeleka uchapaji wa picha shuleni na mitaani hurudi na malalamiko yaleyale. Watoto walipanga foleni mpaka wakachoka. Wino ulikauka kabla nusu yao hawajapata zamu. Picha zilitoka mabaka matupu, na mwalimu mkuu alikasirika kuona mashati meupe ya sare yamejaa rangi. Mwisho lawama wanabebeshwa watoto, kwamba ni wengi mno au hawatulii.

Si haki. Watoto 60 wanaweza kuchapa picha tatu kila mmoja ndani ya saa mbili, ilimradi warsha nzima ipangwe kuanzia meza ya wino. Hapo ndipo karibu kila warsha inapokwama.

Piga hesabu. Mtoto akipaka wino na kuchapa mahali palepale, anachukua kama dakika tatu. Kwa rola moja, watoto 60 wanamaliza saa tatu, na kila mmoja ameambulia picha moja tu. Ukitenganisha meza ya wino na meza ya kuchapa, mtoto anakaa kwenye wino dakika moja. Ukiwa na rola nne, raundi nzima ya watoto 60 inakwisha kwa dakika 15. Mengine yote yaliyomo humu yamepangwa kufuata hesabu hiyo.

## Vifaa vya kubeba

Vipimo hivi ni vya watoto 60 wa miaka 8 hadi 13, wanaotumia mabamba (vipande vya foamu vinavyokandamizwa mchoro kisha kupakwa wino) ya sentimita 10 kwa 15.

- Mabamba 70 ya foamu nyeupe, ile ngumu kidogo inayofungashiwa nyama supamaketi au chipsi. Kumi ni ya akiba. Kama ni foamu iliyokwisha kutumika, ioshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa, kwa sababu wino wa maji haushiki penye mafuta.
- Nusu rimu ya karatasi za A4 za gramu 80, zikatwe katikati ziwe A5. Karatasi nene ya manila inavutia kwa macho, lakini ni ngumu kuichapa kwa mkono.
- Nusu lita ya wino mweusi na robo lita ya rangi ya pili.
- Rola nne za mpira zenye upana wa sentimita 8 hadi 10.
- Vibao vinne vya kusambazia wino: vigae laini vya sentimita 30 kwa 30, au vipande vya plastiki ngumu ukitaka mzigo mwepesi. Usibebe kioo.
- Miiko 12 ya mbao, au vifuu vya nazi vilivyopigwa msasa vikawa laini.
- Penseli 60 zilizochongwa kisha zikabutuliwa ncha kidogo.
- Kamba ya mita 15 na vibanio vya nguo 100.
- Magazeti ya zamani, kilo mbili au tatu.
- Mashati makuukuu ya watu wazima yasiyopungua 12.
- Matambara, sabuni ya kipande, selotepu na alama za kuandikia.
- Ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko.

Ndoo hizo ndizo sanduku lako la safari. Njiani zinabeba wino, rola na miiko, na ukifika zinabeba maji. Chupa za wino zisimame wima, na kila mdomo wa chupa uufunike kwa kipande cha nailoni kabla ya kukaza kifuniko. Chupa iliyolazwa kwenye buti la basi kwa saa sita inaweza kuvuja, hata kama ni mpya.

### Ukikosa rola ya mpira

Usinunue rola ya sponji ya kupakia ukuta. Inanywa wino wako wote na kuacha mapovu kwenye bamba.

Chukua bomba la PVC la inchi moja, ukate kipande cha sentimita 20. Kata sentimita 10 za tyubu ya baiskeli, ilowanishe kwa maji ya sabuni, kisha ivute juu ya bomba mpaka ikae katikati. Sehemu ya tyubu ndiyo inayobeba wino, na ncha mbili zilizobaki wazi ndizo za kushikia. Hakikisha mshono wa tyubu hauonekani kama tuta. Ukijitokeza, utaacha mstari kila rola inapozunguka.

## Wino: hapa usiharakishe

Wino unaofaa msafiri ni wino wa maji wa kuchapia fulana, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchapia kwa skrini, kwa mfano maeneo ya Kariakoo, Dar es Salaam. Ni mzito kiasi, unashika kwenye karatasi na kwenye kitambaa, na unaoshwa kwa maji ukiwa bado mbichi.

Kuna mtego mmoja. Madukani humohumo kuna wino wa plastisoli, na kwenye kopo unafanana na huo wa maji. Plastisoli haukauki wenyewe. Unahitaji joto la kama nyuzi 160, na karatasi za watoto zitabaki zinanata mpaka wiki ijayo. Kabla ya kulipa, paka tone kwenye kidole ulisugue kwa maji matupu. Lisipotoka, usiununue wino huo.

Wino wa maji nao una tabia yake: unakauka upesi. Dawa ni glisirini ya duka la dawa. Mjini Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu, weka nusu kijiko cha chai kwa kila mililita 100 za wino. Dodoma au Garissa wakati wa kiangazi, weka kijiko kizima. Usizidishe hapo, kwa sababu glisirini ikizidi picha haikauki na kila kidole kinaacha alama.

Kama uliyonayo ni rangi ya maji ya watoto tu, ile ya chupa, izidishie uzito kwa uji wa wanga. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo au wanga wa mahindi kwenye mililita 200 za maji baridi, pika huku unakoroga mpaka uwe mzito, kisha uache upoe kabisa. Changanya sehemu tatu za rangi na sehemu moja ya uji. Upike asubuhi ya siku ya warsha, maana kwenye joto uji huchacha.

Wino wa mafuta usiupeleke kwa watoto kabisa. Kuuosha mara nyingi kunataka mafuta ya taa, na mafuta ya taa na ngozi ya mtoto havipatani.

## Kabla ya kusafiri

Andika barua kwa mwalimu mkuu wiki tatu kabla, na nakala ifike kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Kenya, mzee wa mtaa na chifu wajue. Kama umesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania), beba nakala ya usajili. Barua itaje mambo manne: idadi ya watoto, muda, vitu vitakavyotumika, na kwamba mwalimu wa darasa atakuwepo mwanzo hadi mwisho. Hilo la mwisho lisimamie bila kulegea. Mgeni habaki peke yake na watoto.

Piga simu uulize: maji yapo umbali gani na chumba? Kuna meza ngapi? Watoto wana vipindi vya madrasa mchana? Ni msimu wa mavuno? Wazazi wana shida na picha za watu na wanyama? Hili la mwisho lina maana kubwa katika baadhi ya jamii. Ukijibiwa kuwa ni vyema kuziepuka, andaa mifano ya majani, nakshi za milango na ukili wa mikeka, na warsha haitapungukiwa kitu.

Picha za kamera ni suala la peke yake. Omba idhini ya wazazi kupitia shule kabla ya siku yenyewe. Picha ya mikono ikifanya kazi inatosha kuonyesha warsha bila sura ya mtoto.

## Hatua ya 1: Panga chumba kabla watoto hawajaingia

Fika saa moja kabla. Panga sehemu nne zifuatane kwa upande mmoja: madawati ya kuchora, meza ya wino, meza za kuchapa, kamba ya kukaushia. Mtoto asirudi nyuma akiwa na bamba lenye wino, kwa sababu kila anayerudi anampaka mwenzake.

Meza ya wino ikae kivulini, mbali na dirisha lenye upepo. Jua likipiga kwenye kigae, wino unaganda kwa dakika chache hata ukiwa na glisirini. Weka vigae vinne na rola nne, na kila kigae kiwe na mtu mzima au kijana mmoja anayekisimamia. Wanafunzi wa darasa la saba au sekondari wanaifanya kazi hii vizuri mno wakifundishwa dakika kumi.

Mashati makuukuu yawe hapohapo. Mtoto analivaa kinyume, vifungo mgongoni, anapofika kwenye wino, na analivua akishatundika karatasi yake. Ndiyo maana 12 yanatosha watoto 60.

Ukisimama mlangoni ukaweza kuifuata njia ya bamba kwa kidole bila mistari kukatana, chumba kiko tayari.

## Hatua ya 2: Onyesho la dakika nane

Usieleze. Fanya mbele yao bila maneno mengi: kandamiza mstari kwenye foamu, paka wino, weka karatasi, sugua, fungua. Karatasi inapoinuka, darasa lote litanyanyuka kutoka kwenye madawati.

Kisha uliza swali moja: "Mstari niliouchora umetoka rangi gani?" Mweupe. Wacha walione wenyewe, kwamba palipozama hapashiki wino. Mtoto asiyelielewa hili atapaka penseli eneo zima akidhani anatia rangi, na picha yake itatoka kama shimo jeupe.

Onyesha pia bamba lililoharibika: lenye wino mwingi mpaka mistari imezibika. Wakiliona mapema hawatalirudia.

## Hatua ya 3: Kuchora na kukandamiza bamba (dakika 35)

Kwanza wachore kwenye karatasi yenye ukubwa wa bamba. Mchoro uwe na umbo moja kubwa linalogusa angalau pande mbili za karatasi. Vitu vidogo vidogo hupotea kwenye uchapaji. Samaki mmoja aliyejaa bamba anachapika vizuri kuliko kijiji kizima chenye watu wa sentimita moja.

Kisha bandika karatasi juu ya bamba kwa vipande viwili vya selotepu, mtoto apitie mistari yake kwa penseli butu akikandamiza. Ondoa karatasi, apitie tena moja kwa moja kwenye foamu.

Kina kinachotakiwa ni kama milimita moja. Kipimo ni ukucha: pitisha ukucha juu ya mstari, ukikwama, kina kinatosha. Penseli ikitoboa mpaka chini, foamu itachanika wakati wa kupaka wino. Ndiyo sababu ya kubutua ncha.

Waambie wasiegemeze viwiko wala kuchezea bamba kwa kucha. Kila alama itaonekana kwenye picha.

### Herufi

Kila warsha kuna mtoto anayeandika jina lake na likatoka kinyume. Akilia, usimwambie si kitu. Jina lake ni kitu. Mpe bamba la akiba na umwonyeshe njia hii: aandike jina kwa penseli laini iliyokolea kwenye karatasi nyembamba, ailaze karatasi kifudifudi juu ya bamba, asugue mgongo wake kwa mwiko. Penseli itahamia kwenye foamu ikiwa tayari imegeuka. Akiikandamiza hivyohivyo ilivyo, jina litatoka sawa kwenye karatasi.

## Hatua ya 4: Meza ya wino

Simama hapa wewe mwenyewe raundi ya kwanza yote.

Weka wino kiasi cha kijiko cha chai kwenye ukingo wa juu wa kigae. Vuta kidogo tu kwa rola, sambaza kushuka, inua rola, rudi juu, kisha pitisha kwa upande. Kuinua ndiyo siri. Rola inayosukumwa mbele na nyuma bila kuinuliwa hurudisha wino uleule mahali palepale, na upande mmoja wa rola unabaki mkavu.

Sasa sikiliza. Wino ukiwa mwembamba sawasawa, rola inatoa sauti kama ya kitunguu kinachokaangwa kwa moto mdogo. Ikiwa kimya na inateleza, wino ni mwingi; sukumia pembeni. Ikikwaruza, wino umekauka. Ongeza tone la maji kwa ncha ya kidole usambaze upya. Wafundishe wasimamizi wako sauti hii kabla ya kuwafundisha kitu kingine chochote, maana watoto wakishafika hawatapata nafasi ya kukuuliza.

Bamba lilazwe juu ya kipande cha gazeti. Pitisha rola mara nne: mbili kwa urefu, mbili kwa upana, kwa uzito wa rola yenyewe bila kukandamiza. Ukikandamiza, wino unaingia kwenye mistari. Gazeti lililochafuka liondolewe baada ya kila mtoto. Gazeti lilelile likitumika kwa watoto watano, mabamba yao yatachafuka mgongo, na vidole vitahamisha wino mpaka kwenye karatasi safi.

Bamba lililopakwa vizuri lina mng'ao wa aina moja kote, na mistari inaonekana wazi ikiwa na rangi ya foamu. Ukiona madimbwi yanayong'aa zaidi kwenye kona, pitisha rola isiyo na wino mpya.

Kila baada ya watoto wanane hadi kumi, kwangua kigae na uanze na wino mpya. Ukiachia ule wa zamani uendelee kuganda, vipande vidogo vilivyokauka vitaacha vitone vyeupe kwenye kila picha.

## Hatua ya 5: Kuchapa

Kwenye kila meza ya kuchapa bandika karatasi ya mwongozo. Chora umbo la A5, na katikati yake umbo la sentimita 10 kwa 15. Bamba linakaa ndani ya umbo dogo, karatasi inafuata kona za umbo kubwa. Kwa njia hii picha zote zinapata ukingo sawa bila mtu kupima.

Wawe wawili wawili. Mmoja ana mikono yenye wino, anashika bamba tu. Mwenzake ana mikono safi, anashika karatasi tu. Kisha wanabadilishana baada ya kunawa. Mpangilio huu peke yake unaondoa zaidi ya nusu ya uchafu.

Karatasi ishushwe kwa kona mbili, na ikishagusa isisogezwe. Mkono mmoja unaishikilia, wa pili unasugua kwa mgongo wa mwiko kwa mizunguko midogo kutoka katikati kwenda pembeni, kama nusu dakika. Kisha kona nne, ambazo ndizo zinazosahaulika.

Kabla ya kufungua, inua kona moja uchungulie. Pakiwa hafifu, irudishe kona hiyo na usugue tena. Ukishaivua yote huwezi kuirudisha mahali pake.

Picha nzuri ina weusi uliojaa, mistari meupe iliyo wazi, na mgongo wa karatasi usio na unyevu uliopenya.

## Hatua ya 6: Kukausha na kutia sahihi

Tundika karatasi mbili mbili zikiwa zimegeuziana mgongo, kibanio kimoja kwa jozi. Picha 180 ni jozi 90, na kila jozi ina upana wa sentimita 15, kwa hiyo mita 13.5 za kamba. Ile mita 15 inatosha.

Kwa kawaida zinakauka kwa nusu saa. Pwani wakati wa masika hesabu saa mbili au zaidi, na uwaeleze watoto mapema kwamba watachukua picha zao kesho. Mtoto anayekunja picha mbichi mfukoni anaipoteza pamoja na sare.

Zikikauka, wafundishe kutia sahihi kwa penseli chini ya picha: kushoto namba ya nakala, kwa mfano 2/3, katikati jina la picha, kulia jina la msanii. Nakala moja inabaki shuleni, moja inakwenda nyumbani, moja wabadilishane.

## Hatua ya 7: Usafi ni sehemu ya somo

Tenga dakika 20 na usizile. Wino wa maji ukishakauka kwenye rola, mpira unaharibika, na ukishakauka kwenye shati hautoki.

Kwangua wino uliobaki uurudishe kwenye chupa ndogo ya pekee, siyo ile ya wino mpya. Futa vigae kwa gazeti kwanza, ndipo maji. Hii inapunguza maji kutoka ndoo nne hadi moja, na penye kisima cha mbali wenyeji watakushukuru. Maji machafu yamwagwe kwenye shimo, mbali na bustani na mifereji. Rola zisimame au zitundikwe. Rola ikilazwa juu ya meza usiku mzima inapata ubapa.

## Kitambaa cha jamii: kanga ya watoto 60

Warsha ya mtaa inahitaji kitu kimoja kikubwa cha pamoja, na umbo la kanga linafaa kuliko lingine lolote ninalolijua. Lina pindo, mji na jina, na kila mtu mzima aliyesimama pembeni anaujua mpangilio huo bila kuelezwa.

Chukua merikani ya sentimita 150 kwa 110. Ioshe kwa sabuni kuondoa wanga wa kiwandani, vinginevyo wino utakaa juu juu na kutoka kitambaa kikifuliwa mara ya kwanza. Ikaushe, ipige pasi.

Chora kwa penseli pindo la sentimita 15 kuzunguka. Mji unaobaki ni sentimita 120 kwa 80. Mabamba ya 15 kwa 10 yaliyolazwa yanaingia manane kwa upana na manane kwa kimo, yaani 64. Katika mstari wa pili kutoka chini, acha nafasi nne za katikati kwa ajili ya jina: sentimita 60 kwa 10. Zinabaki 60, moja kwa kila mtoto.

Pindo lichapwe na wadogo wa miaka 5 hadi 7 kwa mihuri ya ndala. Kusanya ndala zilizokatika, zioshe, zipige msasa upande ulio laini, kisha wewe mwenyewe ukate maumbo kwa kisu kikali siku moja kabla: pembetatu, majani, korosho. Bandika kila umbo kwenye kipande cha mbao ili mtoto apate pa kushika. Kwa mpangilio wa pindo, tafuta mwanamke wa mtaani anayesuka mikeka. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Shikamoo bibi, naomba utupangie alama hizi kama unavyopanga ukili." Atazipanga vizuri kuliko wewe, na kuanzia hapo kazi inakuwa ya mtaa.

Jina lichaguliwe na wazee. Pendekeza lisilozidi herufi kumi, ili kila herufi ipate upana wa sentimita tano. Chukua WEMA HAUOZI. Kila herufi ikatwe kwenye muhuri wake, na hapo shida ya kugeuza karibu yote inaondoka. W, M, A, H, U, O na I zinafanana kushoto na kulia, hivyo haziwezi kukosewa. E iliyokatwa bila kugeuzwa inaokolewa kwa kuichapa juu chini, na ndivyo ilivyo kwa B, C, D na K. Inabaki Z peke yake, na hiyo haina uokoaji: lazima ikatwe kinyume tangu mwanzo. Wenzake ni F, G, J, L, N, P, R na S.

Tandika blanketi chini ya kitambaa, na magazeti juu ya blanketi. Gundisha mabamba ya foamu kwenye vipande vya boksi ili yasipinde, yapake wino mwingi kidogo kuliko wa karatasi, yageuze juu ya kitambaa na kukandamiza kwa viganja viwili huku watoto wakihesabu mpaka kumi. Mihuri ya ndala inaweza kukanyagwa kwa mguu. Foamu usiikanyage.

Anzeni katikati kwenda nje, la sivyo viwiko vitapita juu ya picha mbichi. Kikikauka siku nzima, piga pasi kavu upande wa nyuma kwa dakika tatu hadi tano kila sehemu, bila mvuke. Pasi ya mkaa inafaa, ila weka kitambaa cheupe katikati kuzuia majivu. Kisifuliwe kabla ya siku tatu.

## Vijana na watu wazima: patasi

Kuchonga kwa patasi ni warsha nyingine kabisa. Usizidi watu 12 kwa mkufunzi mmoja, usishuke chini ya miaka 13, na tenga saa tatu kamili.

Tumia plaiwudi ya milimita 4 au lino (linoleum, bamba laini la kuchongea). Kama ni lino na asubuhi kuna baridi, iache juani dakika kumi, italainika. Patasi mbili zinatosha kwa mtu, ya ncha ya V na ya ncha ya U. Mbavu za mwavuli uliovunjika, zile zenye mfereji, zikinolewa ncha na kutiwa mpini hufanya kazi ya U ndogo vizuri.

Kila mtu awe na kibao cha kuzuilia: ubao wenye kipande kilichopigiliwa chini ukingo mmoja kinachokwama kwenye meza, na kingine juu ukingo wa pili kinachozuia bamba. Kanuni ni moja na hairegezwi: mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi daima. Majeraha mengi hutokea mkono wa kushikia ukiwa mbele. Patasi butu ni ya hatari kuliko kali, kwa sababu inalazimisha nguvu kisha inateleza. Mtu akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, na mengine yasubiri.

## Ukikwama, angalia hapa

Picha hafifu yenye mabaka kila mahali. Wino umekauka au kusugua hakukutosha. Jaribu kusugua kwanza; ikiwa bado, badilisha wino wa kigae.

Mistari imezibika. Wino mwingi. Usilioshe bamba. Lichape mara mbili kwenye gazeti bila kuongeza wino, mistari itafunguka.

Picha imetoka mara mbili. Karatasi ilisogea. Aliyeshika alikuwa na mkono uliolowa, au upepo. Funga dirisha.

Karatasi imenata na kuchanika. Wino ulianza kukauka kabla karatasi haijawekwa. Umbali kati ya meza ya wino na ya kuchapa ni mrefu mno, au kuna foleni katikati. Hamisha meza.

Doa jeupe mahali palepale kwa watoto wote. Tatizo liko kwenye rola. Itazame, utakuta uzi au kipande cha wino mkavu.

## Kabla ya kuondoka

Mwalimu wa darasa aendeshe raundi moja peke yake na watoto kumi. Wewe simama pembeni, usishike rola. Pale atakapogeuka kukuuliza ndipo pa kurudia naye, na mara nyingi ni kwenye kupima wino.

Mwachie rola moja, kigae kimoja, mabamba ya akiba, na karatasi iliyoandikwa vipimo vya wino wa uji kwa vijiko na vikombe badala ya mililita. Iandike kwa penseli au wino usiofutika kwa maji, kisha uibandike ndani ya mlango wa kabati la vifaa, kwa sababu ikikaa kwenye faili ya ofisini hakuna atakayeitafuta siku ya kazi.